Serikali inapomlipa mkulima asilime

Kila mwaka, kuanzia mwezi Oktoba, maelfu kwa maelfu ya wakulima wa Marekani hupokea fedha kutoka serikalini kwa mashamba ambayo hawakuyalima. Fedha hizo si fidia ya ukame wala ruzuku ya mbolea. Ni kodi ya pango: serikali imeyakodi mashamba yao ili yaote nyasi na miti, bata wa mwituni watage humo na kulungu wapate pa kujificha.

Mpango huo, unaojulikana kwa kifupi kama CRP, ulianzishwa kwa sheria mwaka 1985. Ni miongoni mwa mipango mikubwa na mikongwe zaidi duniani ya kumlipa mkulima ili aiachie ardhi yake kwa viumbe wengine.

Kwa nchi zetu, ambako ugomvi kati ya shamba na mnyamapori hauishi, habari hiyo si ya mbali. Kenya imewahi kujaribu kuwalipa wafugaji wa Kitengela ili wasizungushe ua kwenye ardhi yao. Rwanda nayo ina mpango wa kuyarudisha mashamba yaliyo chini ya volkano kuwa makazi ya sokwe wa milimani. Kote huko swali ni lilelile: fedha zikikatika, au bei ya mazao ikipanda, mnyama atabaki na nini?

Chimbuko halikuwa wanyama

Serikali ya Marekani haikuanza kukodi mashamba kwa sababu ya kuwahurumia ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maghala ya nchi hiyo yalijaa nafaka isiyo na mnunuzi, bei zilianguka, na wakulima wengi walishindwa kulipa madeni ya benki. Wakati huohuo udongo wa mashamba yaliyo kwenye miteremko ulikuwa ukisombwa na maji na upepo.

Wamarekani walikuwa bado wanakumbuka dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, wakati upepo ulipobeba udongo wa mashamba ya nyanda za kati na maelfu ya familia zikahama. Mwaka 1956, chini ya Rais Dwight Eisenhower, serikali ilikuwa imejaribu kuwalipa wakulima wapumzishe ardhi, lakini mpango ule haukudumu.

Desemba 1985 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria mpya ya kilimo. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha kukodi ardhi inayomomonyoka kwa urahisi. Serikali ilitaka kuua ndege wawili kwa jiwe moja: kupunguza nafaka sokoni na kuokoa udongo.

Wanyamapori walinufaika tangu mwanzo, maana nyasi zikiota, ndege huja wenyewe. Hata hivyo ilikuwa hadi mwaka 1996, sheria ilipofanyiwa marekebisho, ndipo makazi ya wanyama yalipopewa uzito sawa na udongo na maji.

Ardhi huingia kwa ushindani

Mkulima anayetaka kuingia kwenye mpango huenda ofisi ya kilimo iliyo karibu naye na kutaja eneo analotaka kulitoa, kodi anayoitaka na mimea atakayopanda. Idara ya Kilimo huyapa maombi yote alama. Huangaliwa faida kwa wanyamapori, usafi wa maji, hatari ya mmomonyoko na hali ya hewa, na mwisho gharama. Anayeomba kodi ndogo hujiongezea nafasi. Anayeahidi kupanda mchanganyiko wa nyasi za asili na maua humpita anayetaka kupanda aina moja tu ya nyasi.

Kodi haipangwi kiholela. Ina kikomo kinachotokana na kile ambacho ardhi ya aina hiyo ingekodishwa kwa mkulima mwingine katika wilaya ileile. Mkataba huwa wa miaka 10 hadi 15. Serikali huchangia pia hadi nusu ya gharama za mbegu na upandaji.

Kuna sharti moja linalostahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayefikiria kuiga mpango huu. Ardhi inayokubaliwa chini ya utaratibu wa kawaida ni ile iliyokuwa ikilimwa kwa miaka kadhaa kabla ya maombi. Bila sharti hilo, mjanja angeweza kufyeka mbuga leo ili kesho alipwe kuirudisha.

Mkulima hapotezi umiliki wa ardhi. Hati inabaki yake, na mpita njia hana ruhusa ya kuingia kuwinda bila ridhaa yake. Lakini hawezi pia kukaa akisubiri hundi. Anatakiwa kuzuia magugu hatari, na haruhusiwi kukata nyasi wakati ndege wanapoatamia. Akivunja mkataba, hurudisha alichokwisha lipwa pamoja na riba na adhabu.

Bata walirudi

Matokeo yalionekana zaidi kaskazini, katika majimbo ya Dakota Kaskazini, Dakota Kusini na Montana. Huko barafu ya kale iliacha maelfu ya vibwawa vidogo ambavyo bata wa mwituni huvitegemea. Bata hula majini lakini hutaga nchi kavu, ndani ya nyasi ndefu. Vibwawa vikizungukwa na mashamba ya ngano yaliyolimwa hadi ukingoni, kiota hukosa maficho na mbweha hulipata yai kwa urahisi.

Mashamba ya ngano yalipogeuka kuwa nyasi, hesabu ilibadilika. Watafiti wa serikali walikadiria kwamba kati ya 1992 na 2004 nyasi za CRP ziliongeza bata takriban milioni 2 kila mwaka katika eneo hilo.

Si lazima shamba zima liachwe. Mwaka 2004 serikali ilitangaza kuwalipa wakulima waache ukanda mwembamba wa nyasi kandokando ya mashamba kwa ajili ya kware, ndege ambaye idadi yake ilikuwa imeshuka kwa miongo mingi. Lengo lilikuwa ekari 250,000. Kwa wakulima wengi huo ulikuwa uamuzi rahisi, kwa sababu ukingo wa shamba ulio jirani na miti hutoa mavuno haba hata ukilimwa.

Hata hivyo mpango haukukosa lawama. Shamba lisilolimwa halinunui mbegu, mbolea wala dizeli, na halimwajiri mtu. Katika miji midogo ya vijijini wenye maduka ya pembejeo walilalamika kwamba wateja wao wamelipwa wakae nyumbani. Vijana waliotaka kukodi ardhi waanze kilimo walijikuta wakishindana na serikali. Ndiyo maana sheria iliweka mpaka: kwa kawaida mpango hauruhusiwi kuchukua zaidi ya robo ya ardhi ya kilimo ya wilaya moja.

Bei ya mahindi ilipopanda

Mwaka 2007 mpango ulifika kileleni. Ekari milioni 36.8 zilikuwa chini ya mkataba, eneo linalozidi nchi za Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja. Wastani wa kodi ulikuwa karibu dola 50 kwa ekari kwa mwaka.

Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iliyolazimisha kiasi kikubwa cha mafuta yatokanayo na mimea kuchanganywa kwenye petroli. Viwanda vya ethanoli vilianza kugombania mahindi. Busheli moja, yaani kilo 25 hivi, iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban dola 2 mwaka 2005, ilivuka dola 8 wakati wa ukame wa mwaka 2012.

Mkulima alipiga hesabu yake. Mkataba ulipokwisha hakuuhuisha. Aliingiza trekta. Bunge nalo, likitafuta pa kubana matumizi, lilipunguza kikomo cha ekari zinazoruhusiwa: kwanza hadi milioni 32, kisha, kwa sheria ya mwaka 2014, hadi milioni 24. Ilipofika 2016 ekari zilizobaki zilikuwa takriban milioni 24. Theluthi moja ya eneo la kilele ilikuwa imeondoka katika muda wa chini ya miaka 10.

Hakuna aliyevunja sheria. Wakulima walitimiza mkataba hadi siku ya mwisho, na serikali ililipa kila senti. Lakini nyasi zilizochukua miaka 15 kujijenga, pamoja na viota vilivyokuwa ndani yake, zililimwa kwa siku chache.

Jambo kama hilo lilijitokeza tena mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipotikisa soko la nafaka duniani, Idara ya Kilimo iliwaruhusu wakulima waliokuwa katika mwaka wa mwisho wa mkataba kujitoa mapema, bila adhabu, ili wajiandae kupanda. Kwa mwenye njaa huko mbali uamuzi ule ulikuwa na mantiki. Kwa ndege ulikuwa ukumbusho kwamba makazi yao ni ya kupanga.

Kitengela: shilingi 300 kwa ekari

Hesabu hiyohiyo imewahi kupigwa kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu na imezungushiwa uzio pande tatu. Upande wa kusini uko wazi, na kwa miaka mingi nyumbu na pundamilia walitoka kupitia huko kwenda tambarare za Kitengela na Kaputiei kutafuta malisho wakati wa mvua, kisha wakarudi hifadhini wakati wa kiangazi.

Ardhi ya Kitengela ni ya wafugaji, wengi wao Wamaasai, ambao mashamba yao ya pamoja yaligawanywa kwa hati za mtu mmoja mmoja. Mwenye hati ana haki ya kuuza, kulima, kuchimba mawe au kuweka ua. Kila ua mpya ulikuwa kizuizi kwa nyumbu.

Mwaka 2000 wadau wa uhifadhi walianza kuwapa wenye ardhi mkataba mwepesi: acha ardhi yako wazi, usilime, usichimbe mawe, usiwaue wanyama, nasi tutakulipa shilingi 300 za Kenya kwa ekari kwa mwaka, karibu dola 4 za wakati huo. Mifugo iliendelea kulisha kama kawaida. Hapa, tofauti na Marekani, hakikuwa kilimo kinachoondolewa. Kilikuwa kilimo na ua vinavyozuiwa kabla havijafika.

Waliopanga mkataba walifanya jambo moja la busara. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakilingana na ufunguzi wa mihula ya shule. Mzazi aliyehitaji karo hakulazimika kuuza ng'ombe kwa bei ya hasara, wala kukata kipande cha ardhi. Kaya chache za mwanzo ziliongezeka hadi kufikia mamia.

Kuanzia mwaka 2008 mradi ulisaidiwa na ruzuku ya kimataifa iliyosimamiwa na Benki ya Dunia. Ruzuku ilikuwa na tarehe ya mwisho, na mwaka 2012 ilifika. Malipo hayakuweza kuendelea kwa kiwango kile. Wakati huo bei ya ekari moja karibu na barabara kuu ilikuwa imefikia laki nyingi za shilingi, na Nairobi ilikuwa inasogea. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 walikuwa wamebaki elfu chache.

Shilingi 300 haikuweza kushindana na mnunuzi wa kiwanja. Iliweza kumsaidia yule ambaye hakutaka kuuza asilazimike kuuza. Huo ndio uwezo wa malipo ya aina hii, na pia ndio mpaka wake.

Kwingine nchini humo, katika hifadhi za jamii zinazoizunguka Maasai Mara, kodi ya ardhi hulipwa na kambi za watalii. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imezitambua hifadhi hizo kuwa matumizi halali ya ardhi. Mwaka 2020 ndege za watalii zilipoacha kutua kwa sababu ya korona, nako kodi iliyumba. Mfugaji aliona jinsi ugonjwa ulioanzia mbali ulivyoweza kufika kwenye akaunti yake ya benki.

Chini ya volkano: hatua ya kudumu

Rwanda imechagua njia nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Volkano ni sehemu ya safu ya Virunga inayoungana na hifadhi ya Mgahinga ya Uganda na ile ya Virunga ya Kongo. Katika karne iliyopita upande wa Rwanda ulipoteza sehemu kubwa ya msitu wake. Kipande kikubwa kiligawiwa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya zao la pareto.

Leo udongo huo mweusi wa volkano hustawisha viazi mviringo vinavyolisha masoko hadi Kigali. Juu yake, nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati, wanaishi sokwe wa milimani. Idadi yao imepanda, jambo ambalo ni nadra kwa nyani wakubwa duniani: matokeo ya sensa yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa wamevuka 1,000 katika nchi zote tatu. Nafasi yao haikupanuka sambamba na idadi hiyo.

Mpango wa serikali ya Rwanda ni kuipanua hifadhi kwa takriban asilimia 23. Eneo hilo linakaliwa na zaidi ya familia 3,000 za wakulima. Mpango unahusu kuwalipa fidia na kuwajengea makazi mapya ya kisasa. Tofauti na Marekani, hapa hakuna mkataba utakaokwisha baada ya miaka 15. Shamba likigeuka msitu, limegeuka.

Kwa sokwe hiyo ndiyo salama zaidi, kwani msitu hauoti na kung'olewa kila mkataba unapokwisha. Kwa familia uzito wake ni mkubwa zaidi. Shamba la wastani la Marekani lina zaidi ya ekari 440, hivyo mwenyewe anaweza kuikodishia serikali ekari 50 na kuendelea na maisha yake. Kaya ya kawaida ya Rwanda ina chini ya hekta moja. Ikilitoa shamba lake, imetoa chakula, ajira na urithi wa watoto kwa siku moja.

Historia ya jirani inatoa tahadhari. Uganda ilipoitangaza Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, wakulima waliokuwa ndani yake waliondolewa, na manung'uniko juu ya kile walichopewa, au kutopewa, yalibaki katika vijiji vya Kisoro kwa miaka mingi. Wabatwa, waliokuwa wakiishi kwa msitu wenyewe, walipoteza zaidi.

Rwanda ina chombo kingine. Tangu 2005 sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa wananchi wanaozizunguka, kwa njia ya shule, vituo vya afya, maji na miradi ya kilimo. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 5 na mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10, mwaka uleule ambao kibali cha kumwona sokwe kiliongezwa kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Kuna pia mfuko wa serikali wa kuwalipa walioharibiwa mazao na wanyamapori. Lakini zahanati ya kijiji ni ya wote, na gunia la viazi lilikuwa la mtu mmoja. Fidia ya wote haiwezi kuchukua nafasi ya fidia ya aliyetoa shamba.

Kinachopaswa kuandikwa kwenye mkataba

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa ukubwa na kwa fedha, lakini inakubaliana katika mambo machache ambayo serikali za eneo hili zinaweza kuyafanyia kazi.

La kwanza ni bei. Kodi isiyofuata thamani ya ardhi na mazao hupitwa na wakati kabla ya mkataba kuisha. Marekani hupima upya viwango vyake vya kodi, na bado ilipitwa na mahindi ya mwaka 2012. Kiwango kinachobaki palepale kwa miaka 10 ni ahadi ya kuvunjika.

La pili ni muda. Mti na nyasi hazisomi kalenda ya mfadhili. Mradi wa miaka minne au mitano unaweza kuanzisha malipo, ila hauwezi kuyabeba. Kabla ya kaya ya kwanza kutia saini inafaa ijulikane ni mfuko gani utakaolipa mwaka wa sita.

La tatu ni siku ya malipo. Shilingi inayofika wiki ya kufungua shule ina nguvu kuliko shilingi mbili zinazofika baada ya ng'ombe kuuzwa. Hilo Kitengela ilionyesha kwa gharama ndogo kabisa.

La nne ni la ujirani. Sokwe anayelala Rwanda anaweza kula asubuhi upande wa Kongo au Uganda, na nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa Virunga mwaka 2015. Mnyama ni wa pamoja, na mapato yake hufuata mpaka anaovuka. Gharama bado ni ya yule ambaye shamba lake liko karibu na ukuta, awe wa Musanze, Kisoro au Rutshuru. Mkulima wa Kisoro akilipwa kidogo kuliko mwenzake wa Musanze kwa nyati walewale, atajua, kwa sababu wanakutana sokoni.

Marekani imetumia mabilioni ya dola na takriban miaka 40 kujifunza kwamba mkulima ni mpangishaji mwaminifu kwa mpangaji anayelipa. Nchi zetu hazina mabilioni hayo. Kwa hiyo kila ekari inayotolewa kwa wanyama hapa inahitaji kutolewa mara moja, kwa makubaliano ambayo aliyeitoa ataweza kuwasomea wajukuu wake bila kuona haya.